RAMADHANI 18: "Nikipona, Watamshukuru Mungu kwa Kitu Gani?"



Tafakuri ya leo ni ndefu kuliko kawaida. Kama uko jikoni unaandaa futari, isome baada ya tarawehe. Kama uko kwenye foleni ya Kilwa Road, isome sasa hivi, maana foleni yenyewe unaijua.

Naanza kwa kukiri kosa. Mwaka jana, siku kama hizi, niliandika hapa hapa tafakuri fupi. Nilisema: jioni hii utakapoonja tende na uji wa pilipili manga, kumbuka kwamba hapa kwetu Mbagala kuna mtu ametibiwa saratani ya mdomo, na chakula kwake sasa ni kama majivu. Mtazame yeye, kisha useme Alhamdulillah. Ilipendwa sana. Ilisambazwa mpaka kwenye magrupu ya Tandika na Kinondoni, na mtu mmoja akaniandikia kwamba imemtoa machozi. Nikalala nimejifurahia.

Kesho yake baada ya alfajiri nikapata ujumbe wa sauti. Alikuwa ni yule mama mwenyewe. Jina sikulitaja, lakini kwa mtaa wetu ulivyo, kuna haja ya jina? Wala sikujua kwamba naye yumo kwenye chaneli. Akanisalimia vizuri, akaniombea dua, kisha akasema kwa ile sauti yake iliyokauka: "Mwanangu ustadhi, nimesoma darsa lako. Nina swali moja tu. Nikipona, hawa watu watamshukuru Mungu kwa kitu gani?"

Basi. Ujumbe haukufika hata dakika moja. Mimi nimekaa nao mwaka mzima.

Leo najaribu kumjibu, na ninyi mkiwa mashahidi, kwa sababu nilimkosea mbele yenu. Nimemsomea yote haya kabla ya kuyatuma. Sehemu mbili akaniambia nizitoe, nimezitoa. Zilizobaki ameziruhusu.

*ALICHOPITIA*

Mama huyu ni mpishi. Wengi wenu mmekula chakula chake bila kujua, maana kwa miaka mingi amekuwa akipikia shughuli za watu, akiuza chakula mchana, na Ramadhani akileta sinia la futari msikitini. Kilianza kidonda pembeni mwa ulimi. Akadhani ni jino limemkwaruza. Akasukutua maji ya chumvi, akangoja. Mwezi, miezi miwili, mitatu. Kidonda hakikuuma sana, ndiyo maana hakikumtisha. Mwisho alichukuliwa kinyama kwenda kupimwa, na majibu yakampeleka Ocean Road.

Taasisi ya Saratani ya Ocean Road mnaijua, iko pale ufukweni, kwenye majengo ya tangu enzi za Wajerumani, bahari iko mbele yake. Kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa sehemu pekee nchini ya kupata tiba ya mionzi, mpaka Bugando kule Mwanza nao walipoanza. Yeye alipangiwa mionzi siku 5 kwa wiki, Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa wiki 7. Hesabu mwenyewe: safari 35. Kila alfajiri daladala ya kutoka Rangi Tatu mpaka Kivukoni, kisha anatembea taratibu na binti yake kufuata bahari.

Wiki mbili za kwanza alikula kama kawaida. Wiki ya tatu ladha ikaanza kuondoka. Aliniambia haikuzimika kama taa. Ilififia kama redio inayoishiwa betri. Chai ikawa maji ya moto. Ugali ukawa karatasi iliyoloana. Maji ya kunywa, jamani, yakawa kama anaramba msumari. Na pua ilikuwa nzima kabisa. Wakirudi wakapita Feri, samaki wanakaangwa, harufu inampanda mpaka kichwani, tumbo linaitika. Binti ananunua kipande, anakichambua miiba, mama anakitia mdomoni. Hakuna kitu. "Pua inaleta habari," alisema, "ulimi unasema sina taarifa hizo."

Wataalamu wanaeleza sababu yake hivi. Ulimi una vinundu vidogo vya kuonjea, maelfu kwa maelfu, na chembe zake haziishi muda mrefu: hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku kama 10. Mionzi inayoua saratani huzuia pia uzazi huo. Zaidi ya hapo, inakausha mate. Mtu mzima hutoa mate kiasi cha nusu lita mpaka lita moja na nusu kwa siku, na bila mate hakuna ladha. Futa ulimi kwa kitambaa mpaka ukauke, weka chembe ya sukari: hutasikia kitu mpaka mate yaje yaiyeyushe na kuibeba. Mate haya haya tunayotema ovyo barabarani.

Kwa wagonjwa wengi ladha huanza kurudi wiki au miezi kadhaa baada ya mionzi kuisha, na inaweza kuchukua mwaka. Wapo ambao haiwarudii yote. Ukavu wa mdomo ndio mkaidi zaidi, unaweza kubaki miaka.

Sasa, watu wa mtaa walipopata habari, unajua swali la kwanza lilikuwa lipi? "Alikuwa anatafuna tambuu?" Ni kweli kwamba tumbaku ya kuvuta, tumbaku ya kutafuna kama kuberi, popoo ya kwenye tambuu, na pombe, vyote vinaongeza hatari ya saratani ya mdomo. Hilo lisemwe wazi, na vijana wanaoweka kuberi chini ya mdomo wasikie. Lakini kuna wanaougua bila kugusa hata kimoja. Na hata aliyegusa, swali la kwanza kwa mgonjwa lisiwe la hakimu. Mama alitafuna tambuu ujanani, kama bibi zetu wengi wa Pwani, akaacha zamani. Hakuhitaji kukumbushwa na mtu aliyesimama mlangoni na mfuko wa machungwa ambayo hawezi kuyala, maana yanamchoma.

*SHUKRANI YA "AFADHALI MIMI"*

Turudi kwenye swali lake. Nikipona, watamshukuru Mungu kwa kitu gani?

Najua baadhi yenu mnasema: ustadhi, mbona Mtume (s.a.w.) ametufundisha tuwatazame walio chini yetu katika mambo ya dunia, tusiwatazame walio juu? Ni kweli, hadithi hiyo ni sahihi, iko kwa Imam Muslim. Nami niliitegemea mwaka jana. Ila niliisoma nusu. Sababu imetajwa humo humo: ili tusizidharau neema tulizopewa. Lengo ni neema ionekane. Mimi niliwafundisha kumtazama mgonjwa, mkamwona mgonjwa, na neema yenyewe hamkuiona. Mliondoka na kitu kimoja tu: afadhali mimi.

Jipime. Ukisema "Alhamdulillah, afadhali mimi", ndani yake kuna nini? Kuna kujilinganisha. Na shukrani ya kujilinganisha inahitaji siku zote pawepo mtu mwenye hali mbaya, kama taa inayohitaji mafuta. Akipona, inazimika. Na ukikutana na aliyekuzidi, inageuka kuwa uchungu, maana ni mizani ile ile, umebadilisha upande tu. Hiyo siyo shukrani kwa Mola. Ni faraja ya kwamba shoka limeangukia kwa jirani.

Mama aliniambia, kwa siku moja walikuja wageni saba kumjulia hali. Kila mmoja alipomaliza kumtazama akashusha pumzi, "Alhamdulillah jamani, uzima ni neema." Wakaondoka wamepata somo. Yeye akabaki pale kitandani kama kitabu kilichokwisha kusomwa.

*KITABU KINASEMAJE*

Nilipokuwa natafuta jibu, nilirudi kwenye fiqhi, mahali ambapo sikutarajia kulikuta. Sisi watu wa Pwani wengi ni Mashafii, na masheikh zetu wamesomesha *Minhaj* ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277. Kwenye mlango wa diya kuna orodha ya vitu ambavyo mtu akivipoteza kwa kujeruhiwa, aliyemjeruhi analipa. Macho yamo, masikio yamo. Na ladha imo. Anayempiga mwenzake mpaka akapoteza uwezo wa kuonja, anadaiwa diya kamili. Diya kamili ndiyo ile ya kuua nafsi, na asili yake ni ngamia 100.

Kisha wanazuoni wakaigawa. Wakasema ladha ni tano: utamu, uchachu, uchungu, chumvi, na ya tano wakaiita *udhuba*, ule utamu wa maji safi ya kunywa. Ikipotea moja, inalipwa moja ya tano. Kwa hesabu ya ngamia 100, kila ladha ni ngamia 20. Wanasayansi wa leo nao wanahesabu tano, ingawa ya tano kwao ni ile ya supu ya nyama, aliyoipa jina Mjapani Kikunae Ikeda mwaka 1908. Lakini wazee wetu waliyahesabu maji. Na sisi tunaokaa Mbagala, ambako kuna visima ukichimba unatoka na maji ya chumvi, tunajua kwa nini. Hata Qur'an katika Suratul Furqan, aya ya 53, inataja maji ya aina mbili, matamu na ya chumvi, kuwa ni alama ya Muumba.

Nikakaa na mlango ule. Wanazuoni wale hawakuhitaji kumsimamisha mgonjwa mbele yao ili wajue ladha ina thamani. Waliitazama yenyewe. Wakauliza: kitu hiki ambacho kila mtu anacho na hakuna anayekifikiria, kina uzito gani? Wakakiweka sawa na uhai wa mtu mzima. Hakuna "afadhali" pale. Kuna kujua thamani tu.

Basi huo ndio mwanzo wa jibu. Mama, ukipona, tutamshukuru Mungu kwa ladha yenyewe. Kwa chumvi kuwa chumvi. Wewe huhitajiki kuumwa ili sisi tujue.

Ila nilipomwambia, akacheka kidogo akasema, "Hiyo ni ya kitabuni. Mtu anaifanyaje nyumbani?"

*KUAZIMA ULIMI*

Kule Marekani, katika jiji la Chicago, kuna mpishi maarufu anaitwa Grant Achatz. Mwaka 2007, akiwa kijana wa miaka 30 na kitu, na mgahawa wake wa Alinea ukiwa umeshajipatia sifa kubwa, aligundulika ana saratani ya ulimi iliyofika hatua ya 4. Kuna madaktari walimwambia sehemu kubwa ya ulimi itakatwa. Hatimaye akatibiwa kwa dawa na mionzi, akapona, lakini ladha iliondoka yote. Mpishi mkubwa asiyeonja! Alichofanya ni kuwategemea wapishi wenzake waonje kwa niaba yake, yeye akabaki na kumbukumbu na fikra. Ladha ilipoanza kurudi ilikuja moja moja, ya sukari ikatangulia, na alieleza baadaye kwamba alijifunza kuonja upya kama mtoto mchanga.

Nawaeleza habari zake kwa sababu jambo hilo hilo lilikuwa linatokea nyumba ya tatu kutoka msikitini kwetu, na hakuna aliyeliandika.

Mama hakuacha kupika. Mwaka jana mliofuturu msikitini mtakumbuka sinia la mihogo ya nazi lilikuja kama kawaida, na lilikuwa limekolea. Alipikaje? Binti yake alikuwa anasimama pale jikoni amefunga, mama anakoroga, halafu anachota kidogo kwenye kiganja cha binti. Binti anagusisha ncha ya ulimi, anatema, anasukutua. "Chumvi bado." Mama anaongeza. "Imefika." Kwa masuala ya fiqhi msiwe na wasiwasi: wanazuoni wamesema mwenye kufunga anaruhusiwa kuonja chakula kukiwa na haja, mradi asimeze kitu, na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba hakuna ubaya. Bila haja ndiyo inachukiza.

Kila siku, mwezi mzima. Binti yule hakusema hata siku moja "afadhali mimi". Hakuwa na nafasi ya kusema, ulimi wake ulikuwa kazini. Aliuazima kwa mama yake.

Hapo ndipo nilipoliona jibu la nyumbani. Wageni saba walikuwa na ladha, wakaitumia kujilinganisha. Binti alikuwa na ladha, akaitumia kumwonjea mama. Yupi aliyeshukuru? Shukrani ya kitu ni kukitumia anakotaka Aliyekupa. Ukipewa macho, msomee asiyeona. Ukipewa miguu, mpelekee asiyetembea. Ukipewa ulimi wa kuonja, upeleke jikoni kwa mtu.

Na ulimi huu una kazi mbili, kuonja na kusema. Tumefundishwa kwamba asiyeacha maneno ya uongo na kuyatenda, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula. Wengi tunauzuia ulimi usionje mchana kutwa, halafu tunaufungulia mlango kwa mgonjwa. Mimi nilikuwa nimefunga siku niliyoandika ile tafakuri.

*NANI KATI YETU ANAFUNGA?*

Kuna swali la pili, na hili aliniuliza uso kwa uso. Nilikwenda kumwomba radhi. Shikamoo, marahaba, nikakaa. Ramadhani ile alikuwa hafungi. Mdomo umekauka, anatembea na chupa ya maji, uzito umeshuka, daktari amesema ale mara nyingi, kidogo kidogo. Alikuwa anakula nyuma ya pazia, kama mwizi.

Akasema, "Wenzangu mnaacha kitu kitamu. Mimi nakula kitu kisicho na utamu. Nani kati yetu anafunga?"

Usilijibu haraka. Mimi nililijibu haraka, nikamsomea ruhusa ya mgonjwa, Suratul Baqara aya ya 184 na 185, kwamba atimize idadi siku nyingine, na kwamba Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi. Ni sahihi, na kila mgonjwa anapaswa kuijua. Mwenye matumaini ya kupona anangoja alipe. Ambaye hana matumaini ya kupona anatoa fidya, kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Muulizeni imamu kwa hali zenu, na msimpuuze daktari. Pia tumefundishwa kwamba mtu akiugua anaandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya akiwa mzima.

Lakini mama hakuwa anauliza ruhusa. Alikuwa anauliza maana.

Fikiri naye. Katika funga, Mwenyezi Mungu anatuambia kupitia kwa Mtume wake kwamba mja anaacha chakula na matamanio yake kwa ajili Yake. Sisi tunaacha, kwa sababu tunatamani. Yeye hatamani. Je, ana nini cha kuacha?

Nikamuuliza anakulaje. Akasema: "Naweka kijiko mbele yangu. Moyo hautaki. Nasema Bismillah, mwili huu si wangu, nimeukabidhiwa. Nameza. Halafu cha pili." Uji wa bakuli moja ulimchukua saa nzima. Kwa miaka zaidi ya 50 alikula kwa sababu chakula ni kitamu, akasema Bismillah kwa mazoea. Sasa hakuna utamu wa kumvuta, kinachompeleka mkono mdomoni ni utiifu peke yake.

Ndugu yangu, wewe mara ya mwisho umekula kwa ajili ya Mungu ni lini? Tunajua kuacha kwa ajili Yake, mchana. Jua likizama tunakula kwa ajili yetu, sahani tatu, na tarawehe tunaswali tukiwa tumeshika kiuno. Mama yule, nyuma ya pazia, saa saba mchana, alikuwa akifanya jihadi ya nafsi kwa kumeza. Wewe umeacha unachokitaka, yeye amekichukua asichokitaka, na wote wawili mnaelekea kwa Mola mmoja. Nikamwambia, mama, sote tulikuwa tumefunga matamanio. Yako yalikuwa ni kusukuma kile kijiko pembeni.

Tena kuna hadithi nyingine, iko kwa Imam Muslim, inayosema kwamba ameionja ladha ya imani yule aliyeridhika na Allah kuwa ni Mola wake, na Uislamu kuwa ni dini yake, na Muhammad (s.a.w.) kuwa ni Mtume wake. Neno lililotumika ni kuonja. Naogopa kusema zaidi hapo, nisije nikamgeuza tena kuwa darsa. Nasema tu kwamba yapo mambo ambayo ulimi mkavu unayaonja.

Wala nisieleweke vibaya. Sikumwambia ashukuru kupoteza ladha, na wewe usimwambie mgonjwa yeyote hivyo. Alilia, na kulia kwake ni haki yake. Nabii Ayub (a.s.) alimlalamikia Mola wake dhara lililompata, na bado akasifiwa kwa subira. Subira haimaanishi kujifanya kitu hakiumi.

*SIKU YA MAJI*

Mfungo Sita ulipoingia, miezi 8 tangu mionzi iishe, jioni moja wanakula. Binti akamwekea mama maji kwenye kikombe. Kwa haraka alichota dumu lisilo lenyewe, lile la maji ya kisima ya kuoshea vyombo. Mama akapiga funda, akakunja uso, akatua kikombe: "Nani kaleta maji ya chumvi hapa?"

Nyumba nzima kimya.

Binti akamtazama. Mama akamtazama binti. Ndipo akili ikamjia alichokisema. Akanywa tena, polepole. Chumvi. Akaomba maji ya dumu la kunywa, akanywa. Hayana chumvi, hayana msumari. Matamu. Binti akaanza kulia, mama naye akalia, na wajukuu wakashangaa watu wazima wanalilia maji.

Ladha yake ya kwanza iliyorudi ilikuja kama lalamiko. Kwa hesabu za kitabu, lalamiko lile ni ngamia 20, na utamu wa yale maji ya pili ni ngamia 20 wengine. Wewe leo asubuhi umelalamikia chumvi ngapi?

Nyingine zimerudi taratibu. Uchungu umechelewa, na pilipili bado inamchoma. Mdomo ni mkavu bado. Mwaka huu daktari wake amemruhusu ajaribu kufunga, na mdomo ukimsumbua afungue. Amefunga siku kadhaa, siku nyingine amefungua, na safari hii hajifichi nyuma ya pazia.

Nilidhani habari imeishia hapo, kwa furaha. Nikamwendea juzi kumsomea maandishi haya. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo ndilo ninalotaka ulale nalo:

"Siku ya tatu baada ya ladha kurudi, nilikula mihogo ya nazi, sahani nzima. Nilipomaliza ndiyo nikakumbuka sikusema Bismillah. Miezi minane ya majivu sikuisahau hata mara moja. Siku tatu za utamu nimeisahau. Kwa hiyo mwanangu, lile swali nililokuuliza limenirudia mwenyewe. Nimepona. Nitamshukuru Mungu kwa kitu gani?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na yeye hakuwa analingoja. Alinyanyuka akaenda kukoroga chungu. Akachota kidogo, akanyoosha kiganja kwa binti yake kama mwaka jana. Binti akasema, "Mama, si unaonja mwenyewe sasa?" Akajibu, "Nimefunga. Na wewe umefunga. Leo onja wewe, kesho nitaonja mimi."

*KAZI YA LEO*

1. Jioni, baada ya tonge la kwanza, simama. Usimfikirie mgonjwa yeyote. Itaje ladha iliyomo mdomoni kwa jina lake, utamu au chumvi, kisha sema Alhamdulillah kwa hiyo yenyewe. Maji nayo yahesabu.

2. Kuna mgonjwa unamjua. Nenda, na neno "afadhali" liache nyumbani. Muulize, "Nikusaidie nini?" Kisha kaa mpaka akujibu.

3. Ukiwa na kidonda mdomoni kisichopona kwa wiki mbili au tatu, hata kama hakiumi, nenda hospitali. Usingoje miezi kama mama. Na kuberi, kijana wangu, itupe leo.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu walioko majumbani na walioko kwenye wodi. Warudishie walichokipoteza, na ambacho hukuwarudishia, wape kilicho bora kuliko hicho. Tujaalie tuzione neema zako bila kuhitaji kuziona zikimtoka jirani. Na utusamehe ndimi zetu. Aamin.

Nawe mama, nakuomba radhi tena, mbele ya hawa wote.

Wabillahi tawfiq. Tukutane kesho in shaa Allah, Ramadhani 19.